Suruali Yenye Mkanda wa Ngozi

Tumaini, na wenzako mliomaliza mafunzo juzijuzi pale Vwawa mkagawiwa fulana na vishikwambi, shikamoo zenu nilizipokea, na chai mliyoiacha nusu niliimaliza mimi. Mlikuja kuniomba niwaambie mawili matatu kuhusu kazi ya kupima watoto, kwa kuwa mimi nimeshaiacha na nyie ndio mnaianza. Nikawapa vichekesho tu, nanyi mkanipa chenu kimoja cha Ivuna. Mlipoondoka nilibaki jikoni na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika sufuria. Mwanangu akauliza, "Mama, wamekuambia nini hao?" Nikamjibu hawajaniambia kitu. Lakini mlikuwa mmeniambia.

Hicho kichekesho chenu nitakifikia. Kwanza mjue jambo moja, msije mkasoma mpaka katikati mkajiuliza mama huyu anataka nini. Kuna mtoto aliyeitwa Kabula. Nilimpima zamani akiwa kwenye rangi nyekundu, ile ya uzito wa hatari, kisha wazazi wake wakahama na ng'ombe wao, na mpaka leo sijui kama alipona. Watoto waliopita mikononi mwangu ni wengi mno. Huyo mmoja ndiye ninayemuota.

Sasa kazi yenyewe.

Elimu yangu ni darasa la saba la Igamba, na ndoto zangu zilikuwa kubwa kuliko darasa. Nilitaka kuwa rubani. Ndege sikuwahi kuiona kwa karibu, ila niliiona ile michirizi myeupe angani juu ya mashamba ya kahawa, nikajua huko kuna mtu ameshika usukani. Kijiji kilipotafuta mhudumu wa afya wa kujitolea, asiyechoka kutembea na anayeweza kusoma namba, nikanyoosha mkono. Niliona na hiyo ni aina ya urubani, maana kazi ilikuwa kuning'iniza watoto hewani.

Mizani yetu ilikuwa ya duara, yenye mshale, na ndoano chini. Tuliifunga kwenye boriti ya baraza la kanisa. Mtoto alivalishwa suruali ya kitambaa yenye kamba mbili, akatundikwa, miguu ikaning'inia, akalia, mshale ukacheza, nawe ukasubiri utulie ndipo usome. Kila mama alikuja na suruali aliyoshona mwenyewe, ili watoto wasiambukizane upele. Mimi nilimjua mama kwa suruali kabla ya kumjua kwa jina. Kulikuwa na za kitenge, za mfuko wa sandarusi, na mmoja alikata gauni lake la harusi. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Bwana mwenyewe halitazami tena, acha mtoto alivae."

Aliyenifundisha ni Sista Haonga, nesi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: kabla ya mtoto, tundika suruali tupu, kisha zungusha kale kaskurubu ka juu mpaka mshale urudi kwenye sifuri. "Suruali nayo ina uzito," alisema. "Usimpe mtoto uzito usio wake, utamdanganya mama yake."

Basi asubuhi moja ya ukungu, suruali zote zimefuliwa na hazijakauka, mimi nikasahau. Watoto wote wakaongezeka. Wamama wakapiga vigelegele, wengine wakataka kunibeba. Sista alipofika akatazama kadi moja, ya pili, ya tatu, akanigeukia.

"Binti, kijiji kizima kimenenepa kwa usiku mmoja?"

"Sista, labda ni mahindi mapya."

"Mahindi mapya yako shambani, hata ndevu hayajatoa. Pima upya."

Tukapima upya, na wamama walininunia mpaka mavuno. Hata kisimani walikuwa wananiambia, "Turudishie kilo zetu."

Jambo jingine ambalo kwenye mafunzo yenu hawawezi kuwaambia: sisi watu wa Mbozi mizani tunaijua kwa kahawa. Na mizani ya kahawa watu wameigombania tangu enzi za babu zetu. Kwa hiyo wanaume waliponiona na duara lenye mshale, hawakuona nesi, waliona karani wa kununua kahawa, yule anayepunja kilo. Mzee Simbeye, aliyekuwa akimleta mjukuu wake mwenyewe, hakuniita kwa jina hata siku moja.

"Karani," alisema, "mwezi uliopita nane, leo nane. Mtoto anakula kila siku. Zinakwenda wapi?"

"Mzee wangu, alikuwa na malaria."

"Na kahawa huwa mnasema ina unyevu."

Watu wakacheka, yeye akacheka pia, lakini mwezi uliofuata alikuja na mizani yake ya nyumbani, ameifunga kwenye baiskeli. Tukampima mtoto kwenye zote mbili. Ya kwake ikasema pungufu. Mzee akaitazama kama mtu aliyesalitiwa na mbwa wake, kisha akasema, "Haya, tutumie ya serikali."

Na hili lishikeni kuliko yote. Mtoto akiwa kwenye nyekundu, usitamke mbele ya foleni. Kadi ina njia zake, kijani, kijivu na nyekundu, na kila mama anazijua. Ukisema kwa sauti "huyu nyekundu," umemvua mama nguo hadharani, na mwezi ujao haji. Mimi nilikuwa nasema, "Mama, wewe subiri kidogo tuongee," halafu nawabakiza na wengine wawili watatu ambao watoto wao wana mashavu kama maandazi. Hivyo hakuna aliyejua nani kabakizwa kwa nini. Wale wenye maandazi nilikuwa nawauliza habari za kuku.

Niwaambie sasa kitu ninachokikumbuka kuliko mizani. Tulikuwa na swali la kumuuliza kila mama mpya: umezaa wangapi, na wapo wangapi? Kina mama wa wakati ule walilijibu kwa namba mbili bila kusita. "Saba, wapo wanne." "Watano, wapo watatu." Walisema kama mtu anayekuambia debe ngapi zimevunwa na ngapi zimeliwa na panya. Sikumwona aliyeshangaa swali. Mama yangu mwenyewe alikuwa hivyo. Sisi tulikua watano, lakini yeye alikuwa akihesabu wanane, na siku za kupika wali alikuwa na namna ya kunyamaza baada ya sahani ya tano.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, nikiwa nimerudi Igamba baada ya miaka ya Ivuna, nilimuuliza swali hilohilo msichana mmoja wa Ruanda, Ruanda ya hapa Mbozi, ana watoto wawili, kucha zimepakwa rangi.

"Umezaa wangapi?"

"Wawili."

"Na wapo wangapi?"

Akanitazama. "Wapo wapi, mama?"

"Nauliza waliopo."

"Si hao wawili? Kwani wameenda wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika boriti. Kisha nikaenda nyuma ya kanisa nikalia kidogo, machozi ya aina ambayo sina jina lake. Yule binti hakujua kwamba swali langu lina sehemu mbili. Kwake lilikuwa swali moja, na mimi nimelirudia kwa sababu ya uzee.

Sasa nirudi nyuma, maana Kabula alikuwa kabla ya hapo.

Nilipoolewa niliteremka Ivuna, mume wangu alikuwa anachemsha chumvi. Mtu wa Igamba akishuka kule bondeni anadhani ameingia jikoni mwa mtu, joto linakupokea mlangoni. Mizani nilishuka nayo, Sista Haonga aliniombea. Tukawa tunaifunga kwenye mti wa mgunga karibu na wachemsha chumvi, naye Sista anakuja na gari la chanjo barabara ikikubali, na mvua zikianza barabara haikubali.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na maboma ya wafugaji waliotoka mbali, Wasukuma. Akaja kijana mmoja, Masanja, na mkewe Minza, na binti yao wa kwanza, Kabula. Masanja hakumtazama mtoto wala mimi. Alishika kamba ya suruali ya kuazima akaivuta.

"Mayu," akaniita mama kwa lugha yao, "hii ndiyo inambeba mwanangu?"

"Ndiyo, baba. Imebeba wengi."

"Mimi hata ndama simfungi kwa kitambaa."

Akakataa. Siku hiyo hatukupima. Mwezi uliofuata walikuja na suruali yao. Minza alikuwa ameishona kwa shuka ya Masanja, miraba myekundu, na mahali pa kamba Masanja ameweka mkanda wa ngozi ya ng'ombe, ameulainisha kwa samli na kuupitisha chini ya sehemu yote ya kukalia. Ilikuwa nzito hivi kwamba kurudisha mshale kwenye sifuri nilizungusha kaskurubu mpaka kakagoma. Ungeweza kumbeba diwani nayo. Wachemsha chumvi waliacha moto wao wakaja kutazama.

Na Kabula hakulia. Wote walilia pale, yeye hapana. Alipotundikwa aliukamata ule mkanda kwa mikono miwili akaanza kuutafuna, kwa sababu ya samli. Kila mwezi hivyohivyo, upande uleule wa kushoto. Meno yalipoota, mkanda ukaanza kuonyesha alama. Nilikuwa namwambia Minza, "Huyu atamaliza ng'ombe wenu akiwa hewani," naye anacheka kwa kujifunika mdomo.

Kisha surua ikapita maboma yale, na baada ya surua kuhara. Kabula akashuka kutoka kijani kwenda kijivu, na mwezi uliofuata nyekundu. Mkono wake ulikuwa kama kijiti cha kiberiti. Nilipomtundika aliushika mkanda lakini hakuutafuna. Aliushika tu.

Nilimbakiza Minza na wale wa maandazi. Nikamfundisha uji wa karanga na maziwa, nikamfundisha kumpa kidogo kidogo. Gari la chanjo lilipopita, Sista Haonga alimshika mtoto, akamminya mguu, akasema hospitali, si kesho. Masanja alikuwa amesimama na fimbo yake. Majani yalikuwa yamekwisha bondeni na ng'ombe walikuwa wanalia. Gari lilikuwa linaelekea vijiji vya mbele, lingewachukua wakati wa kurudi.

"Tutakwenda, mayu," aliniambia. "Acha nivushe ng'ombe kwanza, nitarudi niwapeleke."

Gari liliporudi nilipanda nalo hadi bomani kwao. Hapakuwa na mtu. Majivu, samadi, ua wa miiba umefunguliwa upande mmoja. Sista aliita kwa ile sauti yake na hakuna aliyeitika. Mimi nikaanza kutafuta suruali. Minza alikuwa na mti wake wa kuianikia. Nikatazama pale, nikatazama chini, nikafunua hadi ngozi chakavu walizoziacha. Walikuwa wameacha kibuyu, kiatu kimoja, chungu kizima. Suruali haikuwepo.

"Sista," nikasema, "mama ambaye mtoto wake amekufa hawezi kubeba suruali ya mizani."

Sista Haonga angeweza kunikatisha tamaa, lakini hakufanya hivyo. Alisema tu, "Panda gari, Mama Rehema." Tulipofika mbele kidogo akaongeza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo, "Ule mkanda ulikuwa mzuri, hata ndama ungemfunga." Nilimwelewa: huenda wameibeba kwa ajili ya mkanda tu. Hakutaka nitegemee sana.

Nimetegemea. Niliwauliza wanunuzi wa chumvi, niliwauliza madereva wa malori ya mpunga ya Kamsamba: mnamjua Masanja, mke wake Minza? Wananicheka. "Mama, kule kila wa pili ni Masanja."

Na miaka yote hiyo, wanangu, mambo yalikuwa yanabadilika mbele ya macho yangu, polepole kama mtoto anavyokua, ambaye ukilala naye chumba kimoja huoni. Vyandarua vilikuja, mwanzoni watu walivulia samaki Rukwa na kufunikia vitalu vya mboga, kisha wakavilalia. Chanjo ya surua ikawa haikosekani. Kisima cha pampu kikachimbwa. Barabara ikainuliwa tuta, gari la wagonjwa likawa linafika hata matope yakiwepo. Simu zikaingia, mama akaanza kunipigia kabla mtoto hajalegea. Wasichana waliokuwa wanaolewa wakiwa na madaftari yao ya darasa la tano, wakaanza kuonekana na sare za sekondari. Ikaja siku ya kliniki tulipima kuanzia asubuhi mpaka foleni ikaisha, na nyekundu haikuwepo hata moja. Sista Haonga alizipitia kadi mara ya pili kwa sababu hakuniamini. Kisha akasema, "Umerudisha mshale kwenye sifuri?" Nikamwambia nimerudisha. Tukakaa chini ya ule mgunga tukala miwa, hatuna la kufanya, kama watu waliofukuzwa kazi.

Semina moja daktari kijana alituonyesha ukutani mstari unaoshuka. Alisema hao ni watoto wa dunia nzima wanaofariki kabla ya kufika miaka mitano, kutoka zamani za mababu mpaka sasa, na si kwetu tu, ni kila bara, pengine haraka, pengine polepole. Mstari ule ulikuwa unashuka kama barabara ya kutoka Mbozi kwenda bondeni. Nilifurahi jamani. Niliziona mizani zote za dunia zimening'inia kwa wakati mmoja, kwenye boriti na matawi, na watoto wanalia kwa lugha zao zote. Kisha nikanyoosha mkono.

"Daktari, Kabula yuko wapi hapo?"

"Kabula nani, mama?"

Nikamweleza. Wenzangu wakaanza kucheka, lakini yeye hakucheka. Akasema, "Mstari huu hauna majina, mama. Nami ningependa kujua." Semina ikaendelea. Niliupenda ule mstari na bado naupenda. Ila kila ninaposikia redioni kwamba dunia inapata nafuu, nasema ndiyo, nimeiona kwa macho yangu, halafu moyo unauliza Kabula yuko ng'ambo ipi ya mstari.

Magoti yakanistaafisha. Sasa nakaa hapa Tunduma kwa binti yangu, jirani na foleni ya malori ya kwenda Zambia, asubuhi napitia sokoni. Nikisikia msichana wa mpunga anaitwa Kabula, nasimama. "Mwanangu, mama yako ni nani?" Wananijibu kwa adabu. Hakuna aliyekuwa yeye. Hata hivyo naondoka na furaha kidogo, maana Kabula wa mtu fulani yupo, anauza mpunga na anapandisha bei.

Basi ndiyo kichekesho chenu. Tumaini, ulisema kuwa kliniki iliyopita Ivuna alikuja bibi mmoja Msukuma na mjukuu mgongoni, ametoka mbali, wamehamia karibuni. Ulisema akatoa kwenye kikapu suruali ya shuka, imefifia miraba yote, ina mkanda wa ngozi ya ng'ombe. Mkacheka, si kwa ubaya, mkamwambia, "Bibi, siku hizi mtoto tunamlaza tu kwenye mizani, hiyo ipeleke makumbusho." Naye akaikunja akairudisha kikapuni. Ukasema mkanda umeliwa upande mmoja, upande wa kushoto, ukadhani ni panya.

Nilikuuliza mama wa mtoto ni nani. Ukasema mtandao ulikata, mmemwambia arudi Alhamisi mumwandikishe.

Si panya, mwanangu.

Nimelifikiria kila upande. Pengine mtoto yule ni wa Kabula, amezaa, na bibi ameleta suruali iliyomlea mama yake. Pengine ni wa mdogo wake, na Minza aliihifadhi suruali kwa sababu ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Suruali inasema ilitunzwa, basi. Haisemi nani yupo.

Kwa hiyo Alhamisi mnipitie asubuhi, nitakuwa nimesimama barabarani. Mizani yangu ya duara ipo chini ya kitanda, nimeifuta vumbi. Mizani yenu ya kulaza ni nzuri, inaandika yenyewe, na mtoto halii. Iacheni ifanye kazi yake, mumpime nayo na muandike namba yake. Lakini baada ya hapo mnifungie yangu kwenye mgunga. Nitamwomba Minza ile suruali. Nitaitundika tupu, nizungushe kaskurubu mpaka kagome, mshale urudi kwenye sifuri. Halafu, kabla ya kumweka mjukuu, nitamuuliza kwa sauti ya chini, foleni isisikie: umezaa wangapi, na wapo wangapi?

Akinijibu kwa namba mbili nitamshika mkono, kisha tutampima huyu aliyepo, maana naye ana haki ya kutafuna. Akinitazama kama yule binti wa Ruanda, akaniuliza kwani wameenda wapi, mtanivumilia. Foleni itasubiri kidogo.